Askari, Kanzu na Askarikanzu: Sukari Iliyomo Kwenye Chanjo Hupimwaje?

Benchi la kliniki ya watoto huko Mbagala lilikuwa limejaa tangu saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa nimempakata mtoto wa mdogo wangu, wiki kumi kamili, tukisubiri jina lake liitwe. Mama aliyekaa kushoto kwangu anafahamu kwamba nafanya kazi maabara. Akainama akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, samahani. Eti hii chanjo ya nimonia imetiwa sukari? Maana bibi yake huyu ana kisukari, na mimi sitaki kumwanzishia mtoto mambo."

Alikuwa na simu mkononi. Kuna mtu alimtumia picha ya karatasi ya maelezo inayofuatana na chanjo, neno moja limezungushiwa wino mwekundu: polisakaraidi. Chini yake pameandikwa kwamba hiyo ni sukari, na kwamba wazazi waulize wanafichwa nini.

Hakuna kilichofichwa, ndiyo maana kimeandikwa kwenye karatasi. Na aliyezungushia wino hakukosea: polisakaraidi ni sukari kweli. Alichokosea ni kuishia hapo. Jina la mtoto wetu likaitwa kabla sijafika hata nusu ya jibu, na swali lile limekuwa likinirudia, kwa sababu nyuma yake lipo swali jingine gumu zaidi ambalo hata sisi wa maabara hutuumiza kichwa: ikiwa sukari hiyo imefungwa kwenye protini ili chanjo ifanye kazi, mtu anajuaje kwamba bado imefungwa?

Nianze na hofu yake, kwa sababu hiyo ina hesabu fupi.

Jikoni, sukari ni kitu kimoja. Kwenye kemia ni ukoo mzima. Glukosi iliyomo kwenye damu ni sukari, laktosi ya maziwa ni sukari, na wanga wa ugali na muhogo ni sukari nyingi ndogo zilizoshikana kwenye mnyororo mrefu. Mnyororo kama huo ndio unaoitwa polisakaraidi. Ufikirie kama uzi wa shanga: punje chache, za rangi moja au mbalimbali, kisha mpangilio uleule unarudiwa tena na tena mara mamia.

Chanjo ya nimonia iitwayo PCV13 ilizinduliwa nchini Desemba 2012, hapahapa Dar es Salaam, pamoja na ile ya matone ya kuzuia kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota. Dozi yake ni nusu mililita. Ndani yake mna aina 13 za minyororo ya sukari: mikrogramu 2.2 kwa kila aina, isipokuwa moja iliyowekwa mikrogramu 4.4. Jumla haifiki hata mikrogramu 31. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu nne hivi, kina sukari ya kutosha dozi karibu 130,000. Au tuache kijiko, tuchukue kitu ambacho mtoto yule alikuwa anakinyonya palepale benchini: tone moja la maziwa ya mama lina laktosi zaidi ya mara mia moja ya sukari yote iliyomo kwenye sindano ile. Tena minyororo hii si chakula. Haiongezi glukosi kwenye damu, na kifaa cha kupimia sukari kidoleni hakiwezi kuiona.

Basi kwa nini iwemo kabisa?

Bakteria wanaosababisha sehemu kubwa ya nimonia kali kwa watoto, Streptococcus pneumoniae, huvaa. Nje ya mwili wao kuna tabaka nene la minyororo ya sukari, nalo huwasaidia kuteleza mikononi mwa kinga ya mwili. Mimi nitaliita kanzu. Wanasayansi wameshatambua aina zaidi ya 100 za kanzu hizo, kila moja na mpangilio wake wa shanga. Kinga ikijifunza kuitambua kanzu, imemtambua mvaaji. Ndiyo maana chanjo haihitaji bakteria mzima. Inatosha kuuonyesha mwili kipande cha kitambaa.

Tatizo ni kwamba mtoto mchanga ukimwonyesha kitambaa peke yake, haoni kitu. Watu wazima wakichomwa sukari tupu hutengeneza kingamwili, yaani zile protini za mwili zinazomshika adui mmoja mahususi na kumwacha mwingine. Mtoto wa chini ya miaka miwili hutengeneza kidogo mno au hatengenezi kabisa. Seli zinazotengeneza kingamwili, seli B, zinafanana na mwananchi aliyekwenda ofisini akaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Barua hutolewa na seli nyingine, seli T, na seli T husoma lugha moja tu: vipande vya protini. Sukari kwake ni maandishi asiyoyajua. Bila barua hakuna kingamwili imara, na hakuna kumbukumbu ya kesho.

Dawa ya hilo iligunduliwa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1929, kwenye Taasisi ya Rockefeller jijini New York, Walther Goebel na Oswald Avery walionyesha kwamba sukari isiyoamsha kinga huanza kuiamsha ikifungwa kwenye protini. Seli B inaishika sukari, inaumeza mzigo mzima, kisha inatoa nje vipande vya protini na kumwonyesha seli T. Barua inaandikwa. Ilichukua zaidi ya nusu karne wazo hilo kufika kwenye paja la mtoto. Marekani iliidhinisha chanjo ya sukari tupu dhidi ya Hib, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, mwaka 1985, ikawa haiwafai watoto wachanga ambao ndio Hib huwapiga vibaya zaidi. Mwaka 1987 ikaidhinishwa ya kwanza iliyofungwa kwenye protini, na kufikia 1990 zilikuwepo za kumpa mtoto wa miezi miwili. Leo Hib imo ndani ya ile sindano tunayoiita Penta, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2009.

Chanjo za namna hii nitaziita chanjo ambatani. Nimelichukua neno kutoka darasa la Kiswahili, na si kwa kukosa jingine. Tulifundishwa kwamba batamzinga si bata wala si mzinga. Askarikanzu ni neno lililoundwa kwa maneno mawili, lakini anayemkamata mwizi pale Kariakoo si askari wa sare, na kanzu iliyoning'inia dukani haimkamati mtu. Kazi inafanywa na yule aliyevaa. Chanjo ambatani ni hivyohivyo: protini ni askari, sukari ni kanzu, na kinga ya mtoto huletwa na askarikanzu.

Wanaojiandaa kwenda Hija wamekutana na tofauti hii bila kuelezwa. Saudi Arabia hudai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Ukichomwa ya sukari tupu, cheti kinatambuliwa kwa miaka mitatu. Ukichomwa ambatani, miaka mitano. Nimesikia watu wakilalamika kwamba mwenzao kapendelewa. Hakuna upendeleo. Mmoja amechomwa kanzu, mwingine askarikanzu.

Hapa niseme neno kuhusu protini yenyewe, maana nayo ina uvumi wake. Kwenye PCV13 askari ni mmoja kwa aina zote 13, naye anaitwa CRM197. Asili yake ni sumu ya bakteria wa dondakoo. Mtu akisoma hivyo hushtuka, na ana haki. Lakini protini ni mnyororo wa vijenzi vinavyoitwa amino asidi, na katika CRM197 kijenzi kimoja tu, cha 52, kimebadilika: palipokuwa na glisini pamekaa glutamati. Badiliko hilo limeng'oa jino la sumu. Umbo limebaki, seli T inalisoma vizuri, lakini haliui seli.

Kuhesabu kilichovaliwa

Sasa tufike kwenye lile swali gumu.

Tuseme umepewa ghala lililofungwa, ukaambiwa ndani mna askari 100 na kanzu 100. Je, kuna askarikanzu wangapi? Huwezi kujibu. Huenda wote wamevaa. Huenda kanzu zote zimekunjwa kabatini na askari wamekaa na sare. Idadi ya askari ni sahihi, idadi ya kanzu ni sahihi, na bado hujui kitu unachokitaka.

Ndivyo ilivyo kwenye chupa ya chanjo. Kupima sukari yote si kazi ngumu. Kupima protini yote si kazi ngumu. Ila fundo linalounganisha viwili hivyo linaweza kufunguka, kwa joto, kwa muda, kwa kosa la kiwandani, na likifunguka jumla zote mbili hubaki vilevile. Tena sukari iliyoachia haikai tu bila kazi: inaweza kuzishika seli B bila kuwaletea barua, na kupunguza nguvu ya ile iliyobaki imefungwa. Kwa hiyo viwanda hulazimika kujua ni kiasi gani kimeachia, na kuna viwango ambavyo hakiruhusiwi kuvivuka.

Kwa PCV13 ugumu unazidi. Askari ni yuleyule, kanzu ni 13 tofauti. Ukipima protini peke yake, hata aina moja ya kanzu ikipotea kabisa hutaona pengo. Na hata aliyevaa hafanani na mwenziwe: molekuli moja ya protini inaweza kubeba mnyororo mmoja wa sukari au kadhaa, na mnyororo mmoja unaweza kushika protini nyingi, mpaka inatokea kitu kama jarife lililojikunja, chenye uzito wa mamilioni ya daltoni, kipimo cha uzito wa molekuli. Hakuna molekuli mbili zilizolingana. Dawa ya kawaida ya kichwa, ukiipima molekuli moja umezipima zote. Hapa unapima umati.

Njia mojawapo ya zamani ya kujua sukari iliyoachia utaielewa ukishawahi kuvunja maziwa kwa ndimu. Protini inaganda na kuzama, laktosi inabaki kwenye maji ya juu. Maabara hufanya jambo la namna hiyo: hugandisha protini pamoja na kila kilichofungwa kwayo, kisha hupima sukari iliyobaki kwenye maji. Kilichobaki juu ndicho kilichoachia. Ni njia nzuri na bado inatumika. Lakini hula sampuli nyingi, huenda polepole, na haikupi sura ya umati wenyewe.

Njia mpya inayozungumzwa siku hizi ni kipimo cha kingamwili ndani ya mirija ya kapilari kinachoendeshwa na mashine. Jina ni refu, mambo yenyewe ni matatu: mrija mwembamba, kupanga kwa ukubwa, na kuuliza kwa kingamwili.

Babu yake ni Western bloti, jina ambalo baadhi ya wasomaji wanalikumbuka enzi zile ilipotumika kuthibitisha majibu ya VVU. Kwenye Western bloti, protini zilizochanganyika hupitishwa kwenye jeli kwa nguvu ya umeme. Jeli ile ni Mtaa wa Kongo pale Kariakoo siku ya mkesha wa Idi: kijana mwembamba asiye na mzigo anapenya na kutokea upande wa pili, mwenye mkokoteni anakwama alipoanzia. Baada ya muda fulani kila mmoja amefika umbali unaolingana na ukubwa wake. Kisha protini hunyonywa kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando mwembamba, kama karatasi ya kukaushia wino inavyonyonya maandishi, na juu ya utando huo humwagwa kingamwili inayotafuta protini moja tu. (Jina "Western" halina uhusiano na magharibi. Mwaka 1975 Edwin Southern alibuni njia kama hii kwa ajili ya DNA, nayo ikaitwa kwa jina lake la ukoo, ambalo kwa Kiingereza linamaanisha "ya kusini". Iliyofuata, ya RNA, ikapewa "kaskazini", na hii ya protini ikabaki na "magharibi". Nayapenda majina haya, maana yanakumbusha kwamba maabara ni watu.)

Western bloti ya mkono humla mtu siku nzima au zaidi, na mikono miwili tofauti hutoa majibu mawili tofauti. Nimefanya nyingi. Utando ukikauka pembeni, jibu limeharibika. Kiputo kimoja cha hewa, na mstari uliokuwa ukiutafuta haupo.

Mashine za kapilari, kama Wes na Jess za chapa ya ProteinSimple, zimeweka yote hayo ndani ya mrija wa kioo wenye urefu wa sentimita tano na uwazi wa mikrometa 100, karibu na unene wa unywele. Mrija mzima hujazwa na mililita 0.0004 tu. Tone moja la maji lingejaza mirija zaidi ya mia. Mrija hunyonya kwanza kimiminika kizito kinachofanya kazi ya jeli, kisha sampuli iliyochemshwa pamoja na sabuni inayoitwa SDS. Sabuni hii huzikunjua protini na kuzivika chaji hasi, ili umeme uwe na kitu cha kuvuta. Umeme unawashwa, msongamano wa Mtaa wa Kongo unatokea ndani ya unywele, kila kitu kinafika mahali pake.

Hapo ndipo kuna ubunifu ulionivutia mimi. Badala ya kuhamishia protini kwenye utando, mashine huumulika mrija kwa mwanga wa urujuanimno. Kemikali iliyopakwa ukutani inaamka na kuzinasa protini palepale zilipo. Ni kama filimbi imepulizwa na kila mtu akasimama alipokuwa. Kinachofanya kazi ya jeli huoshwa, kingamwili ya kwanza inaingia na kushika inachokitafuta, ya pili inaifuata ikiwa imebeba kimeng'enya, na mwisho inaingia kemikali iitwayo luminoli. Kimeng'enya kikiigusa, unatoka mwanga. Kamera inapima mwanga umetoka wapi kwenye mrija na mwingi kiasi gani. Mizunguko hiyo yote huchukua kama saa tatu, kwa mirija 24 ya sampuli na mmoja wa ngazi ya kulinganishia ukubwa.

Rudi ghalani. Ukiuliza kwa kingamwili inayomtambua askari, yaani CRM197, mrija utakuonyesha kilele chembamba karibu na kilodaltoni 58, yaani daltoni 58,000. Huyo ni askari asiyevaa, protini iliyoachia au isiyofungwa kabisa. Mbali zaidi, kwenye eneo la mizigo mikubwa, utaona mlima mpana usio na ncha. Upana huo si kasoro ya mashine: ndio umati wenyewe wa askarikanzu, kila mmoja na uzito wake. Ukichukua mrija mwingine, sampuli ileile, ukauliza kwa kingamwili inayotambua kanzu ya aina moja tu kati ya 13, na mlima ukajitokeza kwenye eneo lilelile, umeanza kuwa na ushahidi kwamba kanzu ile imevaliwa. Na kwa kuwa mirija ni 24, unaweza kuuliza kuhusu kanzu zote 13 kwa mkupuo mmoja, kwa kiasi kidogo sana cha chanjo.

Nimesema "umeanza kuwa na ushahidi", na nimechagua maneno hayo kwa makusudi.

Mashine haisemi uongo, lakini huulizwa vibaya

Kuna imani, hata kwa wenzetu wa kazini, kwamba kipimo kikiwa kinaendeshwa na mashine basi namba inayotoka ni ya kweli. Kwenye chanjo ambatani imani hiyo ni hatari, na sababu zake zinaeleweka bila hesabu kubwa.

Ngazi ya kulinganishia ukubwa imetengenezwa kwa protini tupu. Sabuni ya SDS hushika protini kwa uwiano unaokaribia kulingana, ndiyo maana umbali hutafsirika kuwa ukubwa. Sukari haishiki sabuni hiyo. Askari aliyejaa kanzu ana mwili mkubwa na chaji isiyolingana nao, kwa hiyo mara nyingi hutembea polepole kuliko uzito wake unavyostahili. Mashine itaandika namba ya kilodaltoni, na namba hiyo si uzito wa kweli. Ni mahali tu. Isitoshe, hata mipangilio ya mizigo mikubwa huishia kilodaltoni 440, wakati majarife niliyoyataja yana maelfu. Mengine hukwama mlangoni na yasihesabiwe.

Kanzu isiyovaliwa nayo ina vituko. Baadhi ya aina, kwa mfano ile ya 14, haina chaji yoyote, kwa hiyo umeme hauna pa kuivuta. Aina nyingi nyingine zina asidi ndani yake na zitatembea zenyewe, bila askari, pengine zikafika mahali pa kukudanganya. Na ule ukuta unaonasa umetengenezwa kwa ajili ya protini. Sukari iliyo peke yake haina uhakika wa kunaswa. Inaweza kuoshwa ikaenda na maji. Mtu asiyejua hilo ataona mrija mweupe na kusema hakuna sukari iliyoachia hata kidogo. Kumbe ilikuwepo, ikamwagwa. Kwa swali la sukari iliyoachia, bado naiamini ile njia ya maziwa na ndimu.

Halafu kuna alumini. PCV13 ina chumvi ya fosfati ya alumini inayosaidia kuamsha kinga, na chembe za chanjo zimejishikiza juu yake. Usipozing'oa kwanza, kwenye mrija haingii kitu. Ukizing'oa kwa nguvu mno, huenda wewe mwenyewe ndiye uliyekata fundo ulilokuja kulikagua.

Kwa hiyo maabara makini haianzi na chanjo. Huanza kwa kupitisha askari peke yake. Kisha kanzu peke yake. Kisha askari na kanzu waliochanganywa tu kwenye chupa bila kufungwa, askari aliyeshika kanzu mkononi. Kisha ndipo askarikanzu mwenyewe, kutoka toleo la chanjo ambalo tayari linajulikana kuwa zuri. Picha hizo nne zikitofautiana waziwazi, kwa kila moja ya aina 13, kipimo kimestahili kuulizwa swali. Zikifanana hata kwa aina moja, hakistahili kwa aina hiyo, iwe mashine imenunuliwa kwa bei gani. Kinachotoka mwisho ni ulinganisho: toleo hili linafanana na lile zuri kwa kiasi gani? Kazi hiyo kipimo cha kapilari huifanya kwa haraka na kwa usawa kuliko mkono wa mtu, na kwa kiwanda kinachopaswa kuthibitisha toleo baada ya toleo, hilo ni jambo kubwa sana.

Hofu ya yule mama, naona, ilikuwa na mzizi mwingine pia. Bibi wa mtoto hupimwa ile tunayoiita sukari ya miezi mitatu, HbA1c, na kila aliyewahi kuelezwa kipimo hicho amesikia kwamba kisukari ni pale sukari inaposhikana na protini ya damu. Kisha anasikia chanjo ni sukari iliyoshikana na protini. Ni halali kabisa kuuliza. Ila kwenye HbA1c, glukosi ya damu inajibandika yenyewe kwenye hemoglobini, kidogokidogo, punje mojamoja, katika siku 120 hivi ambazo chembe nyekundu huishi. Ndiyo maana husomwa kama kumbukumbu ya miezi iliyopita. Kubandika huko ni dalili ya glukosi kuzidi, si chanzo chake. Fundo la kwenye chanjo limefungwa na mkemia kiwandani kwa makusudi, kwa sukari ya aina nyingine kabisa, na halifungi chochote ndani ya damu ya mtoto.

Tulionana tena wiki nne baadaye, kwenye kliniki ya wiki 14, benchi lilelile. Safari hii nilimweleza yote, mpaka askari na kanzu zao. Alisikiliza kimya, kisha akauliza swali ambalo lingemfaa mkaguzi: "Sasa dada, hiyo mashine iko huko wanakotengeneza. Hii chupa imepanda ndege, imepanda gari, imefika Mbagala na joto hili. Nitajuaje kanzu hazijavuliwa njiani?"

Hakuna mrija wa kapilari kwenye kliniki, na hauhitajiki. Fundo hudumu likikaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na vichupa vya chanjo zetu hubandikwa alama ndogo ya duara yenye mraba katikati. Mraba huanza ukiwa na rangi nyepesi kuliko duara, na kila saa ya joto huuongezea weusi usiorudi nyuma. Ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, chupa hiyo haichomwi kwa mtu. Tulipoingia nilimwomba muuguzi amwonyeshe. Akaitoa chupa kwenye kisanduku cha baridi, akaigeuza: mraba ulikuwa bado mwepesi wa rangi kuliko duara.

"Na baridi je?" mama akauliza.

Alama ile haioni baridi, na chanjo hii ikiganda, ile chumvi ya alumini huharibika. Muuguzi hakujibu kwa maneno. Aliingiza mkono kisandukuni, akatoa pakiti ya barafu iliyokuwa imelala pembeni ya chupa, akaitikisa karibu na sikio la yule mama. Maji yalikuwa yakicheza ndani yake.

"Ikinyamaza kimya," muuguzi akasema, "siweki chanjo humu."

Kisha akafungua sindano.